Pua Aliyoachiwa Chepkurui

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chepkurui alikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine pale nyumbani kwao, kijijini Sosiot, aliyeruhusiwa kuifanya. Nyanya yake, ambaye wote walimwita Kogo, alisugua kibuyu kwa ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet, kisha akampa mjukuu anuse. Chepkurui akisema, "Bado, Kogo, kuna unyevu," kibuyu kilirudi karibu na moto. Akisema, "Tayari," maziwa yalimiminwa ndani yagande yawe mursik. Hakukosea hata siku moja.

Siku moja Mwalimu Oketch aliwauliza wanafunzi wanajua kufanya nini vizuri.

"Najua kunusa vibuyu," Chepkurui akajibu.

"Huyo atakuwa mbwa wa polisi!" Kiplimo akapaza sauti. Darasa zima likaangua kicheko.

Kicheko kile kilimwingia. Kesho yake Kogo alipomwita, alisema amechelewa shule. Uongo mtupu! Jua lilikuwa halijachomoza.

"Basi kesho, mama," Kogo akasema, akakiweka kibuyu kando.

Kesho hizo zilifika tisa. Siku ya kumi, Kogo hakuamka.

Baada ya mazishi, shangazi yake Sally, aliyezoea kumwita Senge, alifika kutoka Sotik akamkuta jikoni amekikumbatia kibuyu, analia kwa kwikwi.

"Alikuwa ananingoja, Senge. Na mimi niliona aibu kwa sababu walinicheka darasani."

Sally hakumdanganya. "Ndiyo, alikungoja," alisema, naye machozi yakamtoka. Akaketi kando yake. "Hebu nusa. Kiko aje?"

Chepkurui alifuta pua kwa kiganja, akainama. Alisikia harufu ya moshi, na chini yake kitu kibichi kidogo. "Bado."

Sally akanusa pia. "Kweli, bado. Sasa wewe unajua kazi yangu ni gani?"

"Uko kwa kampuni ya maziwa."

"Napokea maziwa ya wakulima. Kila asubuhi nafungua mitungi na kunusa. Yakianza kuharibika, pua yangu inajua kabla ya mashine. Chuoni walinifundisha sayansi ya maziwa, lakini hii pua niliitoa hapa jikoni. Mama, huyu Kogo wako, alininusisha vibuyu kama alivyokunusisha wewe."

Chepkurui alimtazama kwa mshangao. Kumbe!

"Wewe ulitupa kitu chako kwa sababu ya kicheko cha siku moja," Sally aliendelea. "Kogo hatarudi, na hilo litakuuma. Lakini alichokufundisha bado unacho. Unachokijua vizuri ukiwa mdogo, enda nacho shule, ukiongezee masomo. Siku moja kitakuwa kazi yako."

Wakawasha moto. Chepkurui alikisugua kibuyu polepole, jinsi alivyozoea kuona mikono ya Kogo ikifanya, akakingoja kikauke. Alinusa mara ya kwanza, akatikisa kichwa. Alinusa mara ya pili.

"Tayari, Kogo," alisema kwa sauti, kisha akalia tena.

Sally akaleta maziwa.