Ndege Ambaye Gasaro Hakumwona

Kila asubuhi ya wiki ile ya likizo, Gasaro alifagia ua wa nyumba yao ya Kamembe, akateka maji, kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango kutazama ndege. Si kwamba hakuwa na kazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Mwalimu Thacienne aliwaagiza wanafunzi wake wawatazame ndege kwa wiki moja, asubuhi nyumbani na jioni matembezini, ili shule ikifunguliwa kila mmoja awasimulie wenzake. Gasaro, msichana wa miaka kumi na miwili, alifurahi sana. Kuliko hesabu za sehemu, afadhali kunguru!

Kando yake aliketi Honorine, rika lake, kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Congo. Mama yake Honorine, Nzigire, aliuza vitenge pamoja na Mukantwari, mama yake Gasaro, aliyekuwa fundi wa kushona. Kiangazi hicho cha mwaka 1998 Nzigire alimleta bintiye kutembea, akarudi Bukavu na kuahidi kumfuata Jumapili. Kabla Jumapili haijafika, vita vikalipuka upya Congo. Kwenye daraja la mpakani la Rusizi I wakawa wanapita watu wachache tu, na Nzigire hakuwa miongoni mwao.

Mwanzoni ndege walimsaidia Honorine kusahau kidogo. Asubuhi waliwaona ndege wadogo waitwao chozi wakinyonya maua ya mgomba, na mwewe akizunguka juu ya soko. Jioni waliteremka ziwani, upande wa Nkanka. Huko mnandi walisimama maweni wakianika mbawa zao, na mdiria alijirusha majini, akaibuka bila samaki. Honorine alimcheka mdiria yule mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu vita vianze, na Gasaro akatamani kicheko kile kisiishe.

Jirani yao, bibi Nyirahabimana, ndiye aliyewatajia inyamanza, ndege mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia akitembea.

"Ile ndege hapana kuitupia jiwe," aliwaambia. "Ni baraka ya nyumba. Na kama inasimama ku mulango, mugeni iko njiani."

Tangu siku hiyo Honorine hakuwa na haja na ndege wengine. Alimngoja inyamanza. Alikataa kwenda ziwani, asije akapitwa. Inyamanza hakuja, na kila siku iliyopita Honorine alizidi kufa moyo. Ijumaa alisukuma sahani ya maharage bila kuionja, akajilaza akigeukia ukuta. Jumamosi akafanya vilevile.

Gasaro alishindwa kuvumilia. Jumapili asubuhi, rafiki yake alipofumbua macho, maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Honorine! Inyamanza ilikuya! Ulikuwa ungali unalala."

Honorine aliruka kutoka kitandani. "Kweli? Ilisimama wapi?"

"Pale ku mulango." Kisha, alipoona macho yale yaking'aa, Gasaro akatia chumvi. "Iliangalia upande wa Bukavu. Ilikawia sana."

Honorine alikula. Alikunywa uji bakuli mbili, akafua gauni lake la samawati, akaomba asukwe nywele. Gasaro alimsuka huku akiimba. Alijua amedanganya, ndiyo, lakini uongo uliomrudishia mtu njaa yake ungekuwa na ubaya gani?

Saa sita mchana Honorine hakuonekana, na gauni la samawati halikuwa kwenye kamba.

"Gasaro, mwenzako iko wapi?" Mukantwari aliuliza, akiacha cherehani. Gasaro alielewa papo hapo: Honorine alikwenda kumpokea mama yake. "Ameenda mpakani," alisema. Walitoka mbio kuteremka barabara ya mpakani, na njia nzima hakuthubutu kumwambia mama yake sababu.

Walichelewa. Honorine alikuwa amejipenyeza kati ya wachukuzi na askari, karibu kabisa na kizuizi, akimtazama kila anayevuka. Alimwona Papa Cubaka, mchukuzi aliyewabebea wazazi wao bidhaa miaka mingi. Kichwani alikuwa na furushi la kitenge cha njano ambalo Honorine alilijua vizuri: la mama yake.

"Papa Cubaka! Maman iko nyuma yako?"

Kwao, habari ya kifo haisemwi njiani. Husemwa nyumbani, aliyefiwa akiwa ameketi, na mikono ya watu wake imemzunguka. Cubaka alikuwa akienda kwa Mukantwari ili aisemee huko, kwa heshima. Hakutegemea kumkuta mtoto pale. Alimtazama, akaanza kulia. Honorine akaelewa, peke yake, katikati ya watu wasiomjua. Mukantwari na Gasaro walimkuta ameketi vumbini na gauni lake safi, analia bila sauti.

Nyumbani, Honorine alimtazama Gasaro. "Uliniambia ilisimama ku mulango."

Gasaro aliketi kando yake. "Sikuiona, Honorine. Nilikudanganya. Nilitaka ukule."

Honorine aligeukia ukuta.

Gasaro alimfuata mama yake jikoni, akamweleza yote huku machozi yakimtiririka. Mukantwari hakumpiga wala hakumkaripia. Alikoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

"Mwaka wa tisini na ine, baba yako alipopotea," akasema, "batu baliniambia ameonekana Bukavu, iko muzima. Balinihurumia tu. Kila magharibi nilimuwekea chakula. Nilikawia kumulilia, na siku nilipojua kweli, nilimulilia baba yako na nikajililia mimi mwenyewe, sababu nilikuwa mujinga. Ulimuhurumia mwenzako, mwanangu, na huruma haina kosa. Kosa ni kumupa tumaini lenye haukukuwa nalo. Kama hauna habari, sema hauna, kisha kaa naye. Kukaa naye tu ingemutosha."

Jioni Cubaka alikuja, akavua viatu, akaketi mkekani ili asimulie ipasavyo: Nzigire alikufaje, nani alikuwa naye, amezikwa wapi. Mukantwari alimkumbatia Honorine. Lakini Cubaka alipoanza tu, mtoto aliziba masikio kwa viganja viwili na kutikisa kichwa. Cubaka akangoja.

Baadaye Honorine akanyoosha mkono mmoja, bila kutazama, akamshika Gasaro kifundo cha mkono.

"Sikiliza weye," alisema kwa sauti iliyokauka. "Yote. Siku nitakuuliza, utaniambia vile alisema. Usipunguze, usiongeze."

"Sitaongeza," Gasaro alisema.

Honorine akaziba tena masikio. Gasaro akamsogelea Papa Cubaka, akafuta machozi, akasikiliza kila neno mpaka mwisho.