Nani Anakula Viwavi?

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Kiherehere alikimbilia kwenye mlimau nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa kuwa binti huyo hakujua kufanya jambo polepole. Chai aliinywa ya moto ikamchoma ulimi, na maswali ya hesabu aliyajibu kabla mwalimu hajamaliza kuyasoma.

Siku hiyo alirudi ndani mbio, kandambili moja tu mguuni.

"Mama, mayai yameanguliwa! Viwavi tisa, wadogo, utadhani kinyesi cha ndege."

"Siku hizi hiyo ndiyo salamu?" mama aliuliza, akiendelea kukanyaga cherehani.

"Shikamoo mama. Tisa."

Tangu amwone kipepeo akitaga kwenye majani machanga, Kiherehere alikuwa na hamu moja: kushuhudia kiwavi akigeuka kipepeo. Lakini maadui walikuwa wengi. Alimwaga majivu kuzunguka shina ili sisimizi wasipande. Kisha mama akamshonea mfuko mkubwa kwa mabaki ya pazia jepesi linaloonyesha ndani. Kiherehere akalivika tawi zima mfuko huo, akakaza kamba, akashika kiuno kama bondia aliyeshinda. Ndege na nyigu sasa wangekula kwa macho.

"Umekagua ndani kabla ya kufunga?" mama aliuliza.

"Nimekagua," alijibu. Hakuwa amekagua hata jani moja.

Kesho yake viwavi walikuwa saba. Keshokutwa yake, watano. Kiherehere alitaka kulia. Akaangaza huku na huku, akawaona kuku wa jirani wakiparua chini ya mlimau. Jirani huyo alikuwa dereva mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Babu Breki. Mfuko haukuwa na tundu hata moja, lakini mwenye hasira hangoji ushahidi.

"Babu, kuku wako wanakula viwavi wangu niliowafunga mfukoni," alisema langoni kwa mzee, bila hodi wala shikamoo.

Babu Breki alijikuna kidevu. "Yaani wanafungua kamba, wanakula, halafu wanaifunga tena? Basi wananizidi akili. Haya mjukuu wangu, nitawafungia bandani tuone."

Kuku wakafungiwa siku mbili, wakilalamika kutwa nzima. Jioni ya siku ya pili, viwavi walibaki watatu.

Kama si kuku, ni nani? Kiherehere aligeuza ndoo akaikalia, akasogeza uso karibu na mfuko, akatazama jani moja baada ya jingine. Alikaa hapo mpaka shingo ikamuuma. Mara kijiti kimoja cha kijani kikageuza kichwa na kumkodolea macho.

Alikuwa vunjajungu, mdudu mwindaji mwenye urefu wa kidole, amekunja miguu ya mbele kwa upole, kana kwamba hana habari na mtu. Kiherehere mwenyewe ndiye aliyemfungia humo pamoja na chakula chake.

"Mama, njoo," aliita kwa sauti ndogo. "Nilisema nimekagua. Nilidanganya."

Mama alimtoa vunjajungu kwa kijiti, akampeleka mbali, kwenye ua wa michongoma. "Huyu hana kosa, alikuwa na njaa," alisema. "Mwenye kosa unamjua. Nenda kwa babu."

Safari hii Kiherehere alipiga hodi. "Shikamoo babu. Kuku wako niliwasingizia. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfungia vunjajungu mfukoni kwa haraka zangu. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Mimi nimekusamehe," mzee alisema huku akicheka mpaka akakohoa. "Waombe na wao, wamekaa rumande siku mbili bila kesi."

Kiherehere alifungua banda, akawaomba radhi mmoja mmoja.

Viwavi watatu walinenepa, wakajifunga kwenye vifuko vigumu, wakatulia. Asubuhi moja kifuko cha kwanza kilipasuka. Kiherehere aliita watu kwa kelele, mama akaacha cherehani, Babu Breki akaja na kikombe cha chai mkononi. Kipepeo alitoka amekunjamana, akaning'inia, akakunjua mabawa polepole.

"Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako," Babu Breki alisema. "Kabla ya kumlaumu jirani, kagua kwako. Na ukikosea, sema mapema. Ungeficha siku mbili zaidi, leo tungekuwa tunatazama mfuko mtupu."

Kiherehere akafungua kamba. Kipepeo akaruka, akapita juu ya banda la kuku, naye Kiherehere akamfuata mbio hadi kwenye ua.