Fundi Aliyekataa Kulazimishwa

Fundi seremala alikuwa na karakana ubavuni mwa nyumba yake. Alitengeneza vitanda, makabati na milango. Mkewe alishona nguo sebuleni, karibu na dirisha. Kutwa nzima msumeno ulilia huku, cherehani ikalia kule.

Mwaka ule ilitoka sheria mpya. Kila kaya ilitakiwa kujiunga na bima ya afya na kutoa mchango. Asiyejiunga angetozwa faini. Mhudumu wa afya wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba akigawa fomu. Mama huyo alikuwa shoga wa mkewe, na fundi alimwita shemeji.

Fundi aliipokea fomu, akaiweka chini ya kopo la gundi. Alisema nyumba yake haikuwa na mgonjwa kwa miaka sita, na tangu aoe hajamgongea mtu mlango kuomba msaada. Kwa nini basi alipie homa za watu wengine?

"Ningeombwa, ningefikiria," alisema. "Lakini kulazimishwa, hapana. Mimi ni mtu mzima."

Mhudumu alikiri kwamba kulazimishwa hakupendezi. Halafu akaeleza kuwa wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko utakauka mara moja. Unasimama kwa sababu wazima na wagonjwa wanachangia pamoja, na hakuna ajuaye zamu yake itafika lini. Fundi alimkaribisha chai. Fomu ilibaki pale pale.

Wiki mbili baadaye mteja alirudisha gauni. Mkono mmoja ulikuwa umeshonwa ndani nje. Mke wa fundi aliomba radhi, akasema alikuwa na haraka. Fundi alishangaa, maana mkewe hakuwa mtu wa kulipua kazi. Siku ile alimtazama kwa makini. Alimwona akipapasa meza kutafuta mkasi uliokuwa mbele yake. Alimwona akijaribu kutunga uzi kwenye sindano mara tano, akashindwa.

Akavuta kigoda, akaketi karibu yake.

"Mama watoto, macho yana nini?"

Mkewe aliweka sindano mezani. "Yana ukungu. La kulia karibu halioni kabisa. Ni mtoto wa jicho. Nilipimwa mwaka jana, wakasema nifanyiwe upasuaji."

"Mwaka jana? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeuza mashine yako ya kupasulia mbao. Nakujua. Baada ya hapo tungekula nini?"

Miaka yote fundi alijisifu kwamba nyumba yake haina mgonjwa. Kumbe mgonjwa alikuwepo, amekaa kimya ili yeye asihangaike. Alidhani anayelazimishwa ni yeye peke yake. Hakujua kwamba mkewe alikuwa amelazimika kuchagua kati ya macho yake na riziki ya nyumba nzima.

Saa ile ile alijaza fomu, akaipeleka mwenyewe kwa mhudumu. Akaambiwa itabidi wasubiri miezi mitatu kabla ya kulipiwa upasuaji. Laiti wangejiunga siku ile alipoletewa fomu, wiki mbili za muda huo zingekuwa zimeshapita.

"Lakini bado sipendi kulazimishwa, shemeji," fundi alisema.

"Si lazima upende," mhudumu alimjibu. "Ila jua hili. Anayekulazimisha kuchangia, naye analazimika kukujibu. Kila mwezi kuna mkutano pale zahanati. Ukiona mambo hayaendi sawa, njoo uulize. Ni haki yako."

Miezi mitatu ikapita. Mkewe akafanyiwa upasuaji, na kesho yake akafunguliwa bandeji. Alimkazia macho mumewe kwa muda.

"Umezeeka, baba watoto," alisema.

Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwatuliza.

Dawa ya matone ya jicho, hata hivyo, ilikuwa taabu. Mara mbili walikwenda zahanati, mara mbili wakaambiwa imekwisha. Mkutano ulipofika, fundi alisimama.

"Mmetulazimisha kuchangia, nasi tumechangia," alisema. "Sasa sisi tunawalazimisha mtuambie dawa ziko wapi."

Watu wakapiga makofi. Mganga mkuu wa zahanati alikiri kwamba maombi ya dawa yalichelewa kupelekwa. Aliahidi kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu ataona dawa zilizopo na zilizokwisha. Wiki iliyofuata orodha ilibandikwa mlangoni pa zahanati, na dawa ya matone ilikuwa kati ya zilizopo. Mke wa fundi aliisoma yote kwa sauti, akiwa amesimama ng'ambo ya barabara.