Roboti Aliyechechemea

Kwenye skrini, nahodha wa tamthilia aliinua kikombe cha kahawa kwa mkono wa kulia, akanywa kwa mkono wa kushoto, na kabla hujapepesa jicho, ule wa kushoto ukageuka kuwa wa kulia. Hata tone halikumwagika. Jina rasmi la mtambo uliofanya hivyo lilikuwa Kisawazishi, ila pale studio, Dodoma, kila mtu aliuita Pasi, maana kazi yake ilikuwa kunyoosha makunyanzi.

Pasi ilikaa katikati ya kamera na watazamaji. Kola ikipinda, inainyoosha. Mshumaa ukirefuka badala ya kupungua, inaupunguza. Picha mbichi za kamera hazikutunzwa. Pasi ilizimeza, ikatoa zilizonyooka.

Kabla yake, tamthilia ya Njia ya Zohali ilikuwa na vituko vyake. Mjusi aliwahi kupita ukutani mwa chombo wakati nahodha anatangaza kwa huzuni kwamba huku angani hakuna kiumbe hai kingine. Watazamaji wakacheka mpaka wakaanzisha kundi mtandaoni, wakajiita Macho Makavu, kazi yao kuwinda makosa tu. Pasi ilipokuja waliendelea kuwinda, ila njaa iliwauma.

Mtu aliyewanyima chakula zaidi alikuwa Leokadia Mhina, mkaguzi wa mwendelezo, yaani wa kuhakikisha kila kitu kwenye picha kinafuatana. Kila kipande kilichotoka kwenye Pasi kilipita mbele ya macho yake. Akiona kosa lililobaki analigusa kwa kidole, na Pasi inalipitia tena mpaka linapotea. Mumewe alikuwa akilalamika kwamba hata sofa hawezi kulisogeza kwa raha.

Siku hiyo mchana alikuwa kantini, ana chapati mkononi, mwanamke mmoja akamsogelea.

"Samahani, dada. Wewe ndiye Leoka? Mimi mke wa Sijaona. Naitwa Zamda."

"Ooh, shemeji! Sijaona huyu anayeninyang'anya chapati kila siku? Leo mbona nimekula kwa amani?"

Zamda hakucheka. "Hajarudi nyumbani toka juzi."

Sijaona aliigiza roboti mlinzi. Alishinda ndani ya vazi la bati, uso umefunikwa, amesimama nyuma ya watu wenye majina. Wenzake walimtania, "Sijaona, leo umeonekana?" Naye anajibu, "Bado, ila nimesikika," kisha anagonga bati lake kwa kijiko. Mguu wake wa kushoto uliharibika kwenye ajali ya pikipiki. Alichechemea.

"Nimeuliza pale getini kwenu, wamesema alitoka kama kawaida," Zamda akasema. "Wamenipa na picha. Tazama."

Akafungua kiganja. Kile kioo chembamba walichovaa watu wote siku hizo, nacho kikiitwa kiganja, kikawaka. Mwanamume mwenye shati la Sijaona alimpungia mlinzi mkono, akavuka geti, akaenda zake, wima kama askari wa gwaride.

Leokadia akaweka chapati chini. "Mguu?"

"Na mimi hapohapo ndiyo nimekwama, dada. Toka ajali, mume wangu hajawahi kutembea hivi."

Leokadia alielewa kabla hajataka kuelewa: picha ile ilikuwa kazi ya Pasi. Pasi ilimjua Sijaona kwenye tamthilia tu, na humo ilimnyoosha mguu kila siku, kwa sababu roboti hachechemei. Mtu akiiamuru imtengeneze Sijaona anayetoka getini, itamleta yule inayemjua.

Alirudi chumbani kwake akaanza kukagua kipande cha juzi. Kule juu kwenye daraja la chuma, roboti walinzi walisimama sawasawa, wamenyooka. Hakuna kitu. Akarudia, safari hii akiwaacha roboti, akitazama vitu vinavyong'aa. Kwenye kioo cha kofia ya nahodha palikuwa na kivuli kidogo kama ukucha. Daraja lilelile. Roboti mmoja akapiga hatua mbili, akichechemea. Reli ikaachia. Akaenda chini, kichwa mbele.

Pasi ilikuwa imenyoosha daraja, ikasahau kioo.

Kidole chake kilikuwa kimeshanyanyuka kwa mazoea. Akakikalia. Akigusa, Sijaona anafutika. Kunakili hawezi, chumba kile hakikuruhusu hata kiganja kuwaka. Njia ya kutoka ilikuwa moja, ileile ya tamthilia yenyewe. Kipande kinaruka jioni. Macho Makavu wataona. Watauliza.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Elinami, mkurugenzi, na tabasamu lake la vikao.

"Mama wa makosa! Vipi, umepata nini?"

"Sijaona," akajibu Leokadia.

Tabasamu likaganda. "Umesema?"

"Sijaona kosa, bosi. Kipande kisafi."

Elinami alimtazama kidogo, akaitazama skrini, akatoka.

Jioni ile Macho Makavu waliona, na mapema tu. Leokadia alisubiri maswali. Vilikuja vicheko.

"Roboti kalewa!"

"Betri imeisha, jamani!"

"Kashuka kama gunia la viazi!"

Kufikia mwisho wa wiki watoto walikuwa wanaigiza kuanguka kule shuleni, na mshereheshaji mmoja alikirusha kipande kile ukumbini wakati maharusi wanaingia. Waliokisambaza walikikata kianzie pale reli inapoachia, kichekeshe haraka. Elinami alitangaza kwamba studio imeamua kuliacha kosa hilo kama zawadi kwa watazamaji. Zamda alikwenda kituo cha polisi. Askari akatazama, akasema, "Mama, si ni ile ya roboti?" Akamwita mwenzake naye aje aone.

Siku iliyofuata Zamda alikuja nyumbani kwa Leokadia. Alikaa ukingoni mwa sofa, kiganja wazi, kipande kizima kikiwaka, kile ambacho hakijakatwa. Alikisimamisha baada ya zile hatua mbili.

"Mimi kule wanakocheka siendi," alisema. "Naishia hapa. Hapa bado anatembea na mguu wake."

Leokadia alikaa karibu naye. Utani wote ulikuwa umemwisha.

"Shemeji, naweza kuwauliza wale watu swali. Ila studio watagundua. Watainyoosha na hii, hata hiyo uliyoshika. Pasi inafika kwenye kila kioo kinachoonyesha tamthilia yao."

"Wakimnyoosha, sitamwona tena?"

"Hutamwona."

Zamda alipitisha kidole juu ya kile kivuli, polepole, kama anayefuta vumbi.

"Uliza."

Leokadia aliandika kwenye kundi: "Macho Makavu mmezeeka. Kosa kubwa mmeliruka. Rudini hatua mbili nyuma."

Wakamcheka na yeye. Vicheko vikaendelea, kisha mmoja akaandika, "Subirini. Roboti hachechemei."

"Mguu wa kushoto. Nimeona."

"Sasa mle ndani kuna nani?"

Hapo picha ikatetemeka kwenye kiganja cha Zamda, kama kitambaa chini ya pasi ya moto. Ilipotulia, roboti alitembea wima hadi kwenye reli, akageuka, akarudi mahali pake. Hakuanguka. Hakuna aliyeanguka. Zamda akajiziba mdomo kwa kanga, akatoa sauti ndogo ambayo Leokadia hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Kwenye kundi nako picha ilikuwa imebadilika. Watu wale walikuwa wamezoea kunasa hata kikombe kikihama mkono.

"Jamani," mmoja akaandika. "Sasa hivi alikuwa anachechemea. Mbona ananyooka? Mwendelezo umekatika."

"Na kwangu pia!"

"Kwangu pia. Nani kambadilisha?"

Kiganja cha Leokadia kikaanza kuita. Elinami. Akakiacha kiite. Meseji zilikuwa zinapanda haraka kuliko macho, na hakuna hata moja iliyokuwa na kicheko. Zamda alishusha kanga, akasogea karibu, akasoma moja kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayejibiwa hatimaye pale getini:

"Yule wa mwanzo yuko wapi?"