Dakika Hamsini za Fundi

Gari dogo jeupe lilizimika katikati ya kivuko cha watembea kwa miguu, saa nne kasoro asubuhi, wakati barabara ya mbele ya hospitali kuu imefurika watu na magari. Honi zikaanza kulia nyuma yake. Aliyeshika usukani alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, jasho linamtiririka mpaka shingoni. Kando yake alikaa mwalimu wake wa udereva, mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, shati la samawati limenyooshwa kwa pasi likanyooka.

"Baba yangu, hakuna anayekufukuza," mwalimu alisema taratibu. "Klachi kwanza. Hizo honi ni salamu tu."

Mbele ya gari alisimama mwanamke aliyekuwa akivuka. Alivaa ovaroli ya kijani, mikono imekunjwa mpaka viwikoni, kilemba cha rangi ya chungwa na viatu vizito vya kazi. Sura yake ilikuwa nzuri, na alijua. Badala ya kukasirika, aliinama dirishani.

"Samahani, hapa mnafundisha kuendesha au kuegesha?"

"Inategemea mwanafunzi," mwalimu akajibu. "Wewe unajua kipi?"

"Sijui hata kimoja. Ila nina dakika hamsini."

"Dakika hamsini za nini?"

"Za kujifunza. Ukizidi kuniuliza zitabaki arobaini na tano."

Mzee akafungua mlango mwenyewe. "Mwalimu, mchukue huyu. Mimi nimekwisha kuaibika vya kutosha leo."

Hivyo ndivyo walivyokutana.

Mwanamke huyo alikuwa fundi wa mashine za kufulia. Kampuni yake ilimtuma kutoka mji mwingine, safari ya saa tisa kwa basi, ili aijaribu mashine mpya ya hospitali, kubwa kama chumba cha kulala. Sharti la jaribio lilikuwa moja na halikuwa na huruma: mikupuo kumi na miwili ya mashuka, mfululizo, hata kama ni kwa siku mbili, bila dosari. Kila mkupuo ulichukua dakika hamsini. Mashine ikishaanza hujifunga mlango, na fundi hana la kufanya. Lakini ikimaliza, sharti afungue yeye mwenyewe kabla dakika kumi hazijapita, apime joto la mashuka, aandike, na msimamizi wa chumba cha kufulia atie sahihi. Akichelewa, hesabu inarudi mwanzo.

Mafundi wenzake wakiwa safarini husinzia kitini hizo dakika hamsini. Yeye pia alifanya hivyo kwa miaka sita. Miji kumi na mmoja alikuwa ameiona, yote kupitia dirisha lenye mvuke. Safari hii aliapa kwamba atatoka.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili hakumwambia mtu. Mkurugenzi wake alimnong'oneza siku ya kuondoka: jaribio likifaulu, kampuni itafungua ofisi katika mji huu, na mkuu wa ofisi atakuwa yeye. Jumatano asubuhi aliitaka ofisi kwa sababu ya ofisi. Kufikia Alhamisi mchana aliitaka kwa sababu ya mwanamume.

Msilaumu kasi hiyo. Kuna wachumba wa miaka mitano ambao hawajawahi kuwa na dakika hamsini za kweli.

Mkupuo wa kwanza, walijifunza gia katika uwanja mtupu nyuma ya soko. Mkupuo wa pili, mwalimu alimpeleka kwenye studio ya picha, wakapigwa picha wamevaa makoti ya kuazima, fundi la manyoya, mwalimu lenye mkia wa nyuma kama mbayuwayu. Wa tatu, walipanda ngazi mpaka juu ya jengo la kuegesha magari, mji mzima ukiwa chini yao, mabati yakimeta, na huko mwalimu akamlisha fundi chungwa kipande kwa kipande kwa sababu mikono yake, fundi alisema, ilikuwa na grisi.

"Mbona naiona safi?" mwalimu aliuliza.

"Wewe ni mwalimu wa udereva au daktari wa ngozi? Lisha."

Kengele ya simu yake ilipolia walishuka ngazi mbio, wameshikana mikono, wakicheka kama wezi wa maembe.

Simu nazo hazikupumzika.

"Haloo, Fundi wangu. Mashine inasemaje?"

"Inasuuza. Inakuulizia."

"Iambie imebakiza dakika ngapi?"

"Kumi na saba, laazizi. Uje na gari, si na maneno."

Msimamizi wa chumba cha kufulia, mama mnene mwenye aproni nyeupe ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Mashuka, alimtazama akijipaka mafuta ya midomo mbele ya kioo cha mashine.

"Binti yangu, hiyo mashine unaifanyia majaribio au harusi?"

"Mama, nitilie tu sahihi fomu yangu."

"Sahihi utapata. Lakini saa uitazame. Mapenzi hayana kengele."

Upande wa pili, dada mkubwa wa mwalimu, aliyeshika ofisi ya shule yao ya udereva, naye alikuwa na lake. "Mdogo wangu, huyo Ijumaa anapanda basi. Utabaki unafundisha huku unalia, ugonge watu."

Maneno hayo yalimwingia. Mwalimu alilala nayo, akaamka nayo.

Alhamisi alasiri ulikuwa mkupuo wa nane. Alimpeleka kwenye bustani ya miche kandokando ya mji, wakatembea kati ya miche ya ndimu, udongo ukinukia maji. Walizungumza kuhusu mama yake fundi, mshonaji aliyemsomesha kwa cherehani moja, na kuhusu baba yake mwalimu, aliyeanzisha shule ya udereva kwa gari lisilo na kioo cha nyuma. Kengele ililia. Wakaingia garini.

Njia panda, kulia ilikuwa barabara fupi, dakika kumi na mbili mpaka hospitali. Kushoto ilikuwa ndefu, dakika ishirini na mbili. Mwalimu aliijua kama kiganja chake. Akapiga hesabu: nyongeza ya dakika kumi tu, na zile kumi za fundi zipo. Akapinda kushoto.

"Hii njia ni mpya," fundi alisema.

"Kulia pana msongamano, mpenzi."

Hakukuwa na msongamano wowote kulia. Kushoto ndiko kulikokuwa na lori lililopinduka na magunia ya mkaa, barabara nzima nyeusi, watu wameshika viuno.

Fundi aliruka kutoka garini akakimbia kilomita nzima iliyobaki kwa viatu vizito. Alipofika, Mama Mashuka alikuwa amesimama mbele ya mashine, kalamu mkononi.

"Umechelewa dakika nne, mwanangu. Ningeweza kuandika uongo, lakini juu ya mashuka haya wanalala wagonjwa."

"Usiandike uongo, Mama."

"Basi imerudi sifuri."

Mwalimu akaingia anahema. Fundi hakugeuka. "Kulia palikuwa na msongamano?"

"Hapakuwa."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka dakika kumi zaidi na wewe. Kumi tu."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Na ungebaki mtu wa kuaminika." Sasa akageuka, macho yana maji lakini sauti kavu. "Unajua nilichokuwa nafanya hapa? Mkupuo wa kumi na mbili ukipita, ofisi inafunguliwa mji huu, na mimi ndiye mkuu wake. Nilikuwa natafuta kuhamia kwako, ewe mwanamume! Wewe umenichukulia miaka ili upate dakika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nikuletee jambo lililokwisha kuwa, si ahadi. Toka. Nina kazi."

Alitoka. Usiku alipiga simu mara nane, haikupokewa hata moja. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Wanafunzi wako ukiwakuta wanamnyima mtu njia unawashusha garini."

"Najua, Dada."

"Basi jishushe."

Hesabu ilikuwa hivi. Mikupuo kumi na miwili, pamoja na kupima na kupakia, ni saa kumi na mbili kamili. Basi lilikuwa linaondoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na Jumatatu asubuhi mkurugenzi alitaka fomu mezani. Mama Mashuka, aliyekaa nyumba za nyuma ya hospitali, alikubali kufungua mlango saa kumi alfajiri. "Nakuja kwa ajili ya mashuka," alisema, "usije ukadhani nakupenda."

Saa kumi na mbili asubuhi, mkupuo wa tatu ukianza, mwalimu alisimama mlangoni amevaa ovaroli ya kuazima, fupi, vifundo vya miguu viko nje.

"Leo sitoki hapa," fundi alisema bila kumtazama. "Hata dakika moja. Usinialike popote."

"Sikuja kukualika. Mama kasema wapakiaji hawaji mpaka saa mbili. Nioneshe mashuka machafu yako wapi."

Fundi alinyoosha kidole. Mwalimu akavaa glavu, akaanza kuchambua, ya wodi ya wazazi huku, ya upasuaji kule. Hakusema neno la mapenzi hata moja. Mkupuo wa nne. Wa tano. Alijifunza kukunja shuka, akakunja vibaya, Mama Mashuka akalifumua na kumrushia usoni.

"Hilo ni shuka au sambusa? Kona kwa kona!"

Fundi aliuma midomo asicheke. Mkupuo wa saba alishindwa kujizuia, akacheka. Wa nane, ule ule uliowaponza jana, yeye na mwalimu walisimama mbele ya kioo, wakiyatazama mashuka yakizunguka, mpaka mlango ukafunguliwa kwa wakati. Wa tisa, mwalimu alimshikia ncha mbili za shuka, fundi akashika mbili, wakawa wanakaribiana kila mkunjo na kuachana tena.

"Bado nina hasira," fundi alisema walipokaribiana.

"Ni haki yako."

"Nyingi."

"Nitakunja zote."

Saa kumi jioni mkupuo wa kumi na mbili uliisha. Fundi alifungua mlango, mvuke ukamfunika uso, akapima, akaandika. Mama Mashuka akasoma fomu kutoka juu hadi chini, akatia sahihi kwa kishindo. "Haya. Nendeni mkaoge, mnanuka sabuni."

Kituo cha basi kilikuwa kimejaa. Fundi alivaa gauni la njano na viatu vyepesi, mara ya kwanza mwalimu kumwona bila ovaroli, na maneno yote aliyoyapanga yakamtoroka.

"Wanaweza kuamua mwezi huu," fundi alisema. "Wanaweza wasifungue kabisa. Usinisubiri kwa jambo nisilokuwa na hakika nalo."

"Sikiliza. Siku zote tatu nilihesabu dakika kana kwamba ni wewe tu unayeweza kusafiri. Mimi nafundisha watu kuendesha. Kuna mji ambao watu wote wanajua kuendesha?"

"Na shule ya baba yako?"

"Dada ndiye anayeiendesha tangu zamani, mimi najisifu tu. Ofisi wakikupa, njoo. Wasipokupa, nakuja mimi. Nataka unioe... nikuoe... tuoane. Uliza mama yako nije lini."

Kondakta akapiga ubavu wa basi. Fundi akapanda ngazi mbili, akageuka. "Swali kubwa kama hilo unaliuliza mlangoni mwa basi? Nitakujibu nikifika."

"Saa tisa nzima!"

"Ulitaka muda mwingi na mimi. Huo hapo."

Mlango ukafungwa. Basi likarudi nyuma, likapinda, likaelekea getini. Mwalimu alisimama katikati ya uwanja, mikono kichwani. Simu yake ikalia.

"Haloo?"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini, mpenzi?"

"Ofisi wakinipa, ndiyo. Wasiponipa, ndiyo. Sasa toka njiani, mwalimu gani wewe, kuna basi nyuma yako!"