Makohozi ya Kitanda cha Saba

Alhamisi, saa tatu asubuhi, karani wa mafaili aligeuza karatasi ya maabara, akaisoma mara mbili. Mzee wa kitanda cha saba alikata roho Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Muhuri wa nyuma ulisema makohozi yake yalipokelewa Jumanne hiyohiyo, saa mbili na dakika ishirini.

Maiti alikuwa amekohoa.

Karani huyo wenzake walimwita Kimya, maana maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Kazi yake ilikuwa kuupa kila ugonjwa namba yake. Daktari wa zamu aliandika "nimonia ya bakteria", lakini Kimya hakuwahi kutoa namba hiyo kwa kauli ya daktari tu. Sharti maabara wakitaje kidudu, naye aigeuze karatasi asome na nyuma.

Daktari alidai kwamba Jumatatu jioni alimpima mzee, akachukua makohozi, akaagiza sindano. Eti muuguzi ndiye aliyeacha kuichoma. Saa sita polisi wangekuja kumchukua muuguzi.

"Mdogo wangu, agizo sikuliona," muuguzi alilia koridoni. "Usiku ule nilimpigia daktari simu mara tatu, hakuja."

Kimya akaenda maabara.

"Labda muhuri umekosea siku?"

"Dada, huo nauzungusha mwenyewe kila asubuhi kabla ya chai," fundi alinuna. "Vikopo vilikuja viwili, cha saba na cha nane. Kidudu kilekile, dawa zilezile zimekishinda. Mapacha! Na daktari kavibeba mwenyewe. Tangu lini?"

Kwenye kitanda cha nane alilala mshona nguo mzee, amekipa kitanda cha saba mgongo.

"Babu, juzi asubuhi ulikohoa kwenye vikopo vingapi?"

"Viwili, mjukuu wangu. Nikamuuliza daktari, hiki cha pili cha nani? Akavichukua vyote, akaenda zake. Jirani yangu alishafunikwa, lakini alikuwa hajaondolewa. Na kila nilipokohoa, shuka la usoni mwake lilipanda."

Saa tano na nusu, ofisini kwa mganga mkuu, Kimya alilaza kifudifudi karatasi mbili za maabara, ya kitanda cha saba na ya cha nane.

"Leo karani ananifundisha nimonia?" daktari alicheka.

"Hapana, daktari. Mimi nasoma nyuma tu."

Mganga mkuu alisoma mihuri, akasikiliza habari za vikopo. Kicheko kikamkauka daktari.

"Simu ya kwanza nilidhani ni mafua," alisema polepole. "Ya tatu niliizima, nikalala. Nilipofika, alishapoa. Agizo nililiandika baadaye. Nilijua kati yangu na muuguzi, nani ataaminiwa."

Saa sita polisi walifika. Muuguzi alibaki wodini.

Kimya akampa mzee wa kitanda cha saba namba yake ya kweli: nimonia, kidudu hakijulikani. Kisha akampitia Babu.

"Kikohozi changu cha pili kimerudi?"

"Kimerudi, Babu. Kimo kwenye faili lako."

Babu akageukia kitanda cha saba kwa mara ya kwanza. "Umesikia, jirani?"

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Shuka la kitanda kitupu likapanda kidogo, likatua.