Aliyelala Chini ya Lambo la Mzenga

Jembe la Swaumu liligonga mfupa Jumatatu asubuhi, katikati ya lambo la Mzenga. Ukame wa mwaka 1949 ulikuwa umelikausha lote, na wanawake walikuwa wakichimba sakafu yake wapate angalau ndoo ya maji ya tope. Fuvu lilipojitokeza, Swaumu alitupa jembe akapiga ukelele.

Adhuhuri Sajini Bartolomeo alifika kwa baiskeli na askari mmoja kutoka bomani Kisarawe, akaamuru shimo lipanuliwe taratibu. Mfupa wa paja la kushoto uliwahi kuvunjika ukaunga kombo.

"Ni Shomari," alisema Siwema. "Mume wangu wa kwanza. Alikuwa akichechemea."

Tangu mwaka lambo lilipochimbwa, kabla ya vita, watu waliamini Shomari alitorokea Mombasa. Kibwana, aliyekuwa nyapara wa kazi ile na sasa ndiye mume wa Siwema, alisogea mbele.

"Mkamateni huyu Salumu, Sajini. Yeye na Shomari waligombania mpaka wa shamba hadi wakashikiana mapanga."

Salumu hakukana. "Tuligombana, Afande. Lakini lambo linachimbwa, mimi nakata mkonge Ngerengere. Nimerudi, nakuta maji yamejaa na Shomari hayupo."

"Nani shahidi wako?"

"Niliokuwa nao wamefia vitani."

Watu wakaguna. Askari akatoa pingu, lakini Bartolomeo alimzuia kwa mkono. Alishuka shimoni, akapapasa kuta zake. Juu ya mifupa palikuwa na tabaka nene la udongo mwekundu, mgumu kama tofali. Halikukatika popote, ila pale yalipopita majembe ya siku hiyo. Akapanda juu akiwa na hakika.

"Mzee Kibwana, ulimwona Shomari lini mara ya mwisho?"

"Baada ya masika. Aliniaga hapa hapa ukingoni, lambo limejaa pomoni. Akanituma nimfikishie Siwema talaka yake."

"Na huu udongo mwekundu uliwekwa lini?"

"Kabla ya mvua. Niliwasimamia vibarua wakaushindilia sakafu nzima, maji yasipotelee chini, na..."

"Shomari yuko chini ya udongo huo," alisema Bartolomeo. "Alizikwa kabla tone la kwanza halijaingia humu. Sasa ni nani aliyekuaga ukingoni?"

Kibwana aligeuka kumtazama mkewe. "Mimi ndiye niliyekuposa kwanza! Baba yako akakuoza kwa kiwete. Nilimpiga sululu moja tu, Siwema. Moja tu!"

"Na talaka?" aliuliza Siwema.

Kibwana akanyoosha mikono. Pingu zikafungwa.

Daktari wa serikali alipomaliza kuikagua mifupa, Shomari alizikwa, na Salumu ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Nyumbani, Siwema alivua bangili zote alizopewa na Kibwana, akamwomba Swaumu nguo nyeupe.

"Funga mlango, mwenzangu," alisema. "Naingia eda ya mume wangu."